Kabla ya Upinde, Mtoto Apewe Ufito

UGHAIBUNI
Na Mwanaisha Shekuwe

Video za uvuvi wa upinde kutoka Marekani hazijui mipaka. Mtoto wa Small Heath, Birmingham, huzitazama kwenye simu ya mama yake sawasawa na mtoto wa Louisiana: mashua ya bati yenye kitako bapa, taa kali zimepangwa mbele, maji ya kinamasi yasiyozidi magoti, na familia nzima imesimama na pinde mkononi huku mwongoza safari akiwaonyesha kwa kidole pa kulenga. Mshale unachomoka, uzi uliofungwa kwenye mshale unaufuata, na punde samaki mwenye urefu wa mkono wa mtu mzima anavutwa hadi ndani ya mashua. Mtoto akishayaona hayo huwa na swali moja tu: na sisi twende lini?

Kwa mkazi wa Birmingham, jibu ni fupi. Uvuvi huo hauruhusiwi hapa England. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza upinde wa aina yoyote kutumiwa kuua au kukamata mnyama wa porini. Sheria ya samaki wa maji baridi ya mwaka 1975 inakataza bunduki, mkuki, na hata taa ya kummulikia samaki. Safari ile ya usiku ya Louisiana, ikihamishiwa kwenye mfereji wa Grand Union, ingekuwa imekwisha vunja sheria kabla samaki wa kwanza hajatoka majini.

Ajabu ni kwamba nchi hii hii iliwahi kuwalazimisha wazazi wawape watoto pinde. Mwaka 1541, enzi za Mfalme Henry VIII, Bunge lilipitisha sheria iliyomtaka mwenye nyumba ampe kila mvulana wa miaka 7 hadi 17 upinde na mishale miwili, na amfundishe kulenga. Mfalme alitaka askari. Vita vya pinde vilikwisha zamani, lakini mchezo wa kulenga shabaha haukufa: pale Meriden, kijiji kilicho kati ya Birmingham na Coventry, chama cha Woodmen of Arden kimekuwepo tangu mwaka 1785, na leo viko vilabu vya Archery GB vinavyopokea watoto. Vipo hata vilabu vya kulenga sanamu za swala na dubu zilizotengenezwa kwa sponji ngumu, zikiwa zimewekwa msituni. Mtoto anayetamani upinde ana pa kwenda, na wazazi wasimnyime.

Kuvua ni jambo jingine. Hapa safu hii inaunga mkono katazo la Waingereza kwa sababu moja, nayo ni kwamba mshale ukishaachiwa hakuna la kurekebisha. Chukua mfano wa samaki anayewavutia sana watalii katika vinamasi vya Louisiana, yule wanayemwita redfish. Tangu mwaka 2024, kanuni za jimbo hilo zinamruhusu mvuvi kuchukua samaki wanne tu kwa siku, na kila mmoja awe na urefu wa inchi 18 hadi 27, yaani kama sentimita 46 hadi 69. Mwenye ndoano humleta samaki kando ya mashua, akampima kwa rula, akamrudisha akiwa hakufikia kipimo. Mwenye upinde hana rula. Anampima kwa jicho, usiku, kwenye maji yenye tope, samaki akiwa anakwenda. Akikosea kwa inchi moja, samaki amekufa na kanuni imevunjwa.

Tena jicho lenyewe linadanganywa na maji. Mwanga ukitoka majini hupinda, hivyo samaki huonekana yuko juu kuliko pale alipo hasa. Anayelenga anapomwona humkosa. Inabidi alenge chini yake, na kadiri kina kinavyozidi ndivyo anavyotakiwa kulenga chini zaidi. Vijana wa pwani wanaotumia chusa kwenye maji ya kupwa wanalijua hilo kwa mazoea ya miaka. Mtu mzima mzoefu anaweza kukadiria urefu wa samaki na kupinda kwa mwanga kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka minane hawezi, na si haki kumbebesha mzigo huo katika siku yake ya kwanza ya kuvua.

Wamarekani nao wana hoja yenye uzito. Sehemu kubwa ya uvuvi wao wa upinde huwalenga samaki wageni, hasa karpi waliotoka Asia na Ulaya, ambao huchafua maji na kuwamalizia chakula samaki wenyeji. Msomaji wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa. Sangara alimwagwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu zikapotea. Hata mifereji ya Midlands ina mgeni wake, zander, aliyeletwa Uingereza kutoka bara la Ulaya, na kwa miaka mingi wasimamizi wa mifereji wamekuwa wakimwondoa kwa kupitisha umeme majini. Kumuua samaki mgeni kunaweza kuwa kazi halali ya kulinda maji. Lakini hata kazi hiyo inamtaka mtu amtambue kwanza mgeni na mwenyeji, na utambuzi huo hujengwa samaki akiwa mkononi, yu hai, na mtu anayejua yuko kando.

Hapo ndipo Birmingham ina mengi ya kumpa mtoto. Mfereji wa kwanza wa mji huu ulifunguliwa mwaka 1769, kazi ya mhandisi James Brindley, ili kuleta makaa ya mawe kutoka Wednesbury. Leo mtandao wa mifereji ya Birmingham na Black Country una urefu wa maili 100 hivi. Bwawa la Edgbaston, alilolipanua Thomas Telford katika miaka ya 1820 ili kuilisha mifereji hiyo, liko mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Wafanyakazi wa viwandani wa hapa walikuwa wavuvi wakubwa. Chama chao, Birmingham Anglers Association, kilizaliwa katika karne ya 19. Na ndoano zenyewe zilikuwa zikitengenezwa jirani. Mji wa Redditch, kusini mwa Birmingham, ulikuwa kitovu cha sindano duniani, na fundi wa sindano hashindwi kukunja ndoano. Kampuni ya Samuel Allcock ya mji huo ilifikia kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa zana za uvuvi ulimwenguni. Makumbusho ya sindano ya Forge Mill yangalipo, na familia inaweza kuyatembelea siku moja na kuvua siku inayofuata.

Shirika la Canal & River Trust, lililokabidhiwa mifereji ya England na Wales mwaka 2012, lina mpango uitwao Let's Fish wa kuwaanzisha watoto na watu wazima wasiowahi kushika ufito. Wakufunzi huja na vifaa vyote. Mtoto hupewa ufito mwepesi wa mita tatu au nne, uzi umefungwa nchani moja kwa moja, na kwenye uzi kuna kiboya chembamba, chubwi ndogo kama punje za pilipili manga, na ndoano isiyo na kijino cha kunasia, ili itoke kirahisi kwenye mdomo wa samaki. Chambo ni funza, weupe au waliotiwa rangi nyekundu. Funza hutungwa upande wake butu, kwenye ngozi tu, ili aendelee kujinyonganyonga majini. Mtoto aliyeanza kwa kukunja uso, baada ya muda utamkuta anachagua mwenyewe funza mnene koponi.

Kiboya kikizama, ufito hunyanyuliwa kidogo tu, bila kukurupuka. Mara nyingi anayetoka ni perch: mwili wa kijani wenye mistari myeusi, mapezi ya chini mekundu, na pezi la mgongoni lenye miiba inayomchoma anayemshika ovyo. Kabla ya kumgusa, mtoto hulowesha mikono, maana kiganja kikavu hubandua ute unaomkinga samaki na maradhi. Miiba ya mgongoni hulazwa kwa kiganja kuanzia kichwani kwenda mkiani. Ndoano inatolewa, samaki anatazamwa, jina lake linatajwa, anarudishwa majini. Akiwa mdogo mno, hakuna kilichoharibika. Akiwa wa aina ambayo mtoto hakuitarajia, amejifunza aina mpya. Na akiponyoka, mtoto anatunga funza mwingine.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki hugutuka hapo penye kumrudisha. Kwa aliyekulia Tanga, Lamu au Kigoma, samaki ni kitoweo. Kumtoa majini, kumtoboa mdomo kisha kumwachia kunaonekana kama kumchezea kiumbe. Mwislamu anayekumbuka katazo la Mtume la kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ana haki kamili ya kuuliza uhalali wa jambo hili. Swali hilo ni zuri na lisipuuzwe, na mtoto alisikie likijadiliwa mezani.

Upo ukweli wa mahali pia. Samaki wa mfereji wana mwenyewe, na kuwachukua bila ruhusa ni kosa. Kwenye mito ya England, mvuvi wa ndoano anaweza kuchukua samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20 kwa siku, na pike mmoja asiyezidi sentimita 65, pale tu mwenye eneo anaporuhusu. Isitoshe, tope la mifereji ya Birmingham limebeba mabaki ya metali ya viwanda vya zaidi ya miaka 200. Kitoweo kinunuliwe soko la ndani la Bull Ring. Mzazi ambaye moyo wake hauridhiki na uvuvi wa kurudisha ana njia nyingine ya halali: mabwawa ya kulipia ya trauti, ambako mvuvi hulipia siku yake, huvua idadi aliyokubaliwa, na huondoka na samaki wake kwenda kuwakaanga. Kwa familia nyingi za Kiswahili hiyo ndiyo njia inayofaa zaidi, na wanaoichagua wasione haya.

Misimu ya kufunga uvuvi nayo haitakuwa migeni kwao. Mito ya England hufungwa kwa wavuvi wa samaki wa kawaida kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni ili samaki watage, huku mifereji mingi ikiendelea kuwa wazi. Pale Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua kwa siku maalumu. Bibi aliye Pemba anaweza kumweleza mjukuu wa Balsall Heath kwa simu sababu ya mto kufungwa, na mjukuu akaelewa vizuri kuliko kwa kusoma kibao cha kando ya maji.

Liko jambo moja zito zaidi, nalo ni hofu ya maji. Takwimu za Sport England zilizotolewa mwaka 2020 zilionyesha kuwa asilimia 95 ya watu wazima weusi na asilimia 80 ya watoto weusi nchini England hawaogelei. Mzazi asiyejua kuogelea humvuta mtoto mbali na mfereji, na hakosei. Ukingo wa mfereji ni wima, mawe yake huteleza, na maji ni baridi hata mwezi Juni. Ila kumzuia mtoto asiyajue kabisa maji yanayopita nyuma ya shule yake hakumlindi. Kikao chenye mkufunzi, watoto wachache, na jaketi la kuokolea kwa wadogo ni mahali salama pa kuanzia, na masomo ya kuogelea yaende sambamba. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, kwani mkojo wa panya huleta ugonjwa wa leptospirosisi majini. Na fito ndefu za kaboni zisikaribie kamwe nyaya za umeme, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme.

Vyama vya jumuiya, misikiti, makanisa na madrasa za wikendi za Sparkbrook, Handsworth na Aston vinajua kujaza basi la kwenda ufukweni Weston-super-Mare kila kiangazi. Nauli ya basi moja kama hilo ingewapeleka watoto kandokando ya mfereji mara nyingi. Viongozi waandike barua kwa Canal & River Trust sasa, waombe kikao kwa kundi lao, na wahakikishe wasichana wamo kwenye orodha sawa na wavulana. Kina baba wanaojua kutunga chambo tangu utotoni Kigoma au Ukerewe wajitokeze wapate mafunzo ya ukufunzi, maana mtoto akielekezwa kwa Kiswahili na mtu anayefanana na mjomba wake husikiliza kwa namna nyingine.

Leseni isiwe kisingizio. Mtoto aliye chini ya miaka 13 haihitaji. Wa miaka 13 hadi 16 lazima awe nayo, lakini hutolewa bure na Environment Agency kwa njia ya intaneti. Mwenye miaka 17 na kuendelea hulipia, na mzazi anayeushika ufito wa mwanawe ili avue mwenyewe huhesabiwa kuwa mvuvi. Faini ya kuvua bila leseni hufika hadi pauni 2,500.