Mgongo wa Jembe na Mgongo wa Rukuu

Yeyote aliyeswali Ijumaa katika misikiti yetu ya Bukoba na Muleba kwa miaka michache hii ameliona jambo hili bila ya kuambiwa: viti vya plastiki vimeongezeka. Zamani kilikuwapo kimoja au viwili pembeni, vya wazee waliokwishavuka sabini. Sasa katika baadhi ya misikiti vinakaribia nusu ya safu, na miongoni mwa wanaovikalia wamo wanaume wa miaka arobaini, wenye nguvu za kuendesha pikipiki kutoka Kemondo hadi Kamachumu na kurudi, lakini wasioweza kushuka wakagusa mkeka kwa paji la uso. Upande wa kina mama, kwa tunavyoelezwa, hali ni hiyo hiyo, ila huko magoti yanalalamikiwa kuliko migongo.

Hatuandiki kumsuta mtu. Imran bin Huswayn, Swahaba aliyekuwa akisumbuliwa na bawasiri, alielekezwa na Mtume (S.A.W.) aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa hilo nalo aswali kwa ubavu, habari hiyo imo katika Bukhari. Kiti basi ni ruhusa, na ruhusa haionewi haya. Tunalouliza ni jingine. Imekuwaje mwili wa mtu wa miaka arobaini ukahitaji ruhusa ya mgonjwa, na je, upo uwezekano wa kuurudisha pale ulipokuwa?

Tuanze shambani, maana wengi wetu ndiko tunakoishi. Kibanja cha ndizi na kahawa hakina huruma kwa mgongo. Majani ya kutandaza chini ya migomba hukatwa huko rweya na kubebwa kwa mizigo. Mkungu hubebwa begani au husukumwa kwa baiskeli katika milima yetu, na maji aghalabu yako bondeni wakati nyumba iko juu. Kazi hizi ndizo walizofanya babu na bibi zetu, na wengi wao walirukuu na kusujudu hadi uzeeni. Tofauti haiko katika kazi peke yake. Iko pia katika namna ya kuinama.

Mtazameni bibi wa kijijini anapopalilia maharage migombani. Magoti yamelegea kidogo, makalio yamerudi nyuma, na mgongo umelala kama ubao wa meza. Kilichokunjika ni nyonga. Kisha mtazameni mjukuu wake aliyerudi likizo kutoka sekondari. Nyonga zake hazikunjiki kabisa. Anachokunja ni kiuno, mgongo umepinda kama upinde, na baada ya robo saa amesimama, mikono kiunoni, akiugulia. Sababu haijifichi. Baina ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini 23 vyenye maji ndani yake, ambavyo kazi yake ni kupokea uzito. Mgongo ukinyooka, uzito hugawanyika sawasawa juu ya kila kisahani. Ukipinda, upande wa mbele hubanwa, upande wa nyuma huvutwa, na kila siku ya kunyanyua mizigo katika hali hiyo huongeza uchakavu. Nyonga ni kiungo kikubwa chenye misuli minene; ndiyo iliyoumbiwa mkunjo huo.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Abu Humayd As-Saidi, alipoeleza swala ya Mtume (S.A.W.), alisema kwamba katika rukuu aliushika vyema magoti yake kwa viganja na akaulaza mgongo. Bibi Aisha (R.A.) amepokewa na Muslim kuwa kichwa cha Mtume hakikuinuliwa wala hakikuinamishwa, bali kilikuwa baina ya hayo mawili. Huo ndio mgongo wa yule bibi migombani. Mwenye kurukuu hivyo mara 17 kwa siku katika faradhi peke yake anajua tayari namna ya kuokota ndoo, na mwenye kusujudu mara 34 anakunja magoti, vifundo na vidole vya miguu kwa kiasi ambacho watu wengi wa rika lake mijini hawakifikii kwa wiki nzima.

Lakini tusivuke mpaka. Swala ni ibada, wala haikufaradhishwa kuwa mazoezi ya viungo, na anayeisifu kwa ajili ya misuli ameipunguzia hadhi yake. Tunachosema ni kwamba swala ina adabu ya mwili, na adabu hiyo tumeiachia mlangoni pamoja na viatu. Yule mtu aliyerudishwa na Mtume mara tatu aswali tena hakukosea kisomo, alikosa utulivu. Akafundishwa arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie. Sasa tazameni tarawehe zetu katika baadhi ya misikiti. Rukuu ya nusu sekunde hainyooshi mgongo wa mtu, wala, na hili ndilo kubwa zaidi, haitimizi nguzo.

Elimu ya mwendo wa mwili imekuwa ikichunguzwa pia na watu wa mbali, na baadhi yao walikuja hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila ya mwili kutumia nguvu ya ziada. Uchunguzi uliofuata mwaka 1995 ulieleza siri yake: mwendo wao ulibembea kama timazi, nguvu ya hatua moja ikirithiwa na hatua inayofuata. Hatusemi kuwa mzigo wa kichwani hauna madhara. Kina mama wetu wanaijua shingo inavyouma, na baba mwenye baiskeli nyumbani hana udhuru wa kumwachia mkewe madumu mawili. Tunasema kwamba mwili uliofunzwa tangu utotoni hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Nchini mwetu, watafiti waliokaa na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi waliandika mwaka 2020 kwamba watu hao hupumzika takribani saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa ofisini. Kinachowatofautisha ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo huwa ni ya kuchutama na kupiga magoti, na katika mikao hiyo misuli ya miguu haizimiki kabisa kama inavyozimika kitini. Tulipolisoma hilo tulikumbuka nyumba za Kihaya zilizotandikwa nyasi, na mabinti wanaopiga magoti kuamkia wakubwa. Sofa iliyoingia sebuleni haina dhambi, lakini imeondoa kitu.

Mfano mwingine unawahusu waadhini na walimu wetu wa madrasa. Alikuwapo Mwaustralia aliyeitwa F. M. Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869, ambaye kazi yake ilikuwa kughani tungo jukwaani. Sauti ikawa inamkauka. Alijitazama katika vioo kwa muda mrefu, akagundua kwamba kila alipotaka kutoa sauti alikivuta kichwa nyuma na chini, akaibana shingo. Alipojifunza kuiacha shingo huru, sauti ilirudi, na mwaka 1904 akahamia London kufundisha wengine njia yake. Mwaka 2008 jarida la tiba la BMJ lilichapisha jaribio la wagonjwa 579 wa maumivu sugu ya mgongo huko Uingereza. Baada ya mwaka mmoja, waliopata masomo 24 ya njia hiyo walikuwa kwa kawaida na siku 3 za maumivu katika kila wiki nne. Wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida walikuwa na siku 21. Hawakupewa dawa mpya. Walifundishwa kujiangalia wanavyokaa, wanavyosimama na wanavyonyanyuka.

Kwa mwenye kutaka kuanza nyumbani, inatosha mkeka na mwimo wa mlango. Alale chali asubuhi kwa dakika kumi, magoti yakiwa juu na nyayo chini, kitabu cha kawaida (si msahafu) kikiwa chini ya kisogo, aache mgongo utulie wenyewe. Kisha ashike mwimo kwa mikono miwili na achutame taratibu hadi pale panapomruhusu, bila ya kulazimisha, hata kama ni nusu tu. Wiki ya tatu si kama wiki ya kwanza. Aliyezoea kiti aanze kwa kusimama na kukaa mara kumi bila ya kutumia mikono. Anayenyanyua mkungu aukaribie kwanza, akunje nyonga na magoti, aubane karibu na kifua, na asigeuze kiuno akiwa na mzigo, ageuze nyayo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, kwa hiyo simu ipandishwe ifikie macho kuliko macho kuishukia simu. Watoto wa madrasa wapewe marufaa, hata ya mbao za masanduku, ili juzuu isiwe mapajani na mgongo usiwe duara kwa saa mbili. Na msikiti ulio umbali wa dakika 15 uendewe kwa miguu: kwenda na kurudi mara moja kwa siku ni dakika 210 kwa wiki, nao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanamtaka mtu mzima apate angalau 150.

Yapo maumivu yasiyo ya mkeka. Mgongo unaouma usiku hata mtu akiwa amelala, unaoambatana na homa, kukonda, jasho la usiku au kikohozi cha wiki mbili na zaidi, upelekwe hospitali upesi, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia. Ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, au haja kutoka bila ya kuzuilika ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kungoja mchuaji. Aliyeanguka mnazini, mwembeni au kwenye pikipiki asinyooshwe na yeyote kabla ya kupimwa. Wajawazito na wenye shinikizo la damu wamuulize mhudumu wa afya kwanza.

Kwa upande wa viti, kamati yetu imekubaliana na imamu kwamba viwekwe mwisho wa safu na si katikati yake, na kwamba mwenye kuweza kusimama asimame katika kisimamo, akae pale tu panapomshinda. Baada ya swala ya Alasiri kila Jumamosi wanaume watapitishwa katika rukuu na sijda, mmoja mmoja, kwa utulivu. Kina mama watakuwa na darasa lao Jumapili asubuhi ndani ya ukumbi wa madrasa, chini ya muuguzi mstaafu wa jamaa zetu, na milango itafungwa. Mikeka iliyopo haitoshi. Mwenye wa ziada aje nao.