Kimya Kimekuwa Kibali



Wakongwe wa mapambano haya wanaikumbuka leseni. Kabla ya mageuzi ya 1997, Mkenya aliyetaka kuhutubia wenzake hadharani alipaswa kuomba ruhusa ya wakuu wa serikali. Mkutano wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai 1990 ulinyimwa ruhusa hiyo, na waliothubutu kwenda walikutana na virungu na risasi. Mara nyingi mwombaji hakujibiwa lolote. Kutojibiwa kulikuwa ni kunyimwa, na kila mtu alielewa hivyo.

Leo twaishi chini ya sheria iliyoligeuza jambo hilo juu chini. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yasema kwamba mwenye kuomba idhini ya ujenzi kwa serikali ya kaunti, asipojibiwa kwa maandishi katika muda wa siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Mwananchi alinyamaziwa akakosa haki yake. Kampuni ikinyamaziwa yajipatia kibali! Twafahamu kwamba shabaha ilikuwa kuwaokoa waombaji na uzembe wa maofisa, na shabaha hiyo ni njema. Lakini adhabu ya uzembe huo humwangukia jirani ambaye hakuomba chochote.

Twayasema haya kwa sababu ya minara ya simu. Tusieleweke vibaya. Pale Feri huvuka watu wanaokadiriwa kuwa laki tatu kwa siku. Mwuza viazi karai hulipwa kwa M-Pesa, na mtandao ukikatika biashara yake husimama. Hatupingi mnara. Wala hatupingi kampuni kadhaa kushirikiana mnara mmoja, maana ni afadhali hivyo kuliko kila moja kusimika chuma chake kisiwani. Tangu Telkom ilipokubali mwaka 2018 kuiuzia kampuni ya ATC minara yake zaidi ya 700, ushirika huo umekuwa biashara kamili: wapo sasa wenye minara wasiouza hata dakika moja ya maongezi, kazi yao ni kupangisha nafasi juu ya chuma.

Shida huanzia hapo. Mnara ukishaidhinishwa mara moja, kila kinachoongezwa juu yake huonekana ni kitu kidogo: antena leo, sahani mwezi ujao, jenereta ya pili baadaye. Chuma kilichopimwa kwa mzigo wa kampuni moja chabeba wa tatu, katika upepo wa kusi na chumvi ya bahari ilayo vyuma usiku na mchana. Nani amekipima upya? Mionzi nayo hujumlishwa. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani nalo lashikilia kwamba madhara hayajathibitishwa maadamu viwango havijapitwa. Vema. Basi na ionyeshwe kwa kipimo cha vifaa vyote pamoja kwamba havijapitwa. Kuwatisha waumini kwa uvumi hatutaki, lakini hatutaki pia waambiwe wanyamaze.

Kampuni zitatuletea mfano wa Marekani, ambako sheria ya 2012 inazizuia serikali za mitaa kukataa nyongeza isiyoubadilisha mnara kwa kiasi kikubwa, na kanuni za 2014 zikaweka siku hizo hizo 60. Wasitusomee nusu. Huko neno “kiasi kikubwa” limepewa vipimo vya urefu na upana, na masharti ya usalama wa majengo hayakuondolewa.

Mji wa Kale wahitaji uangalifu zaidi. Ni eneo la hifadhi tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na jirani yake Fort Jesus iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Nyumba za matumbawe na boriti hazikujengwa zibebe vyuma darini. Mwenye nyumba akipewa kodi nono atakubali, na hatumlaumu sana. Hata nyumba za ibada zaweza kushawishika. Kazi ya kukataa ni ya kaunti, iliyokabidhiwa mipango ya ardhi na Katiba ya 2010. Mamlaka ya Mawasiliano huangalia masafa, NEMA mazingira, mamlaka ya usafiri wa ndege urefu. Ofisi ya kaunti pekee ndiyo iliyo karibu kiasi cha kwenda kwa miguu kutazama ukuta uliopasuka.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Jirani asiyeridhika ana siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa mbele ya kamati ya maafikiano ya mipango ya kaunti. Akitaka kujua kilichoamuliwa, ataandika chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo yaipa ofisi siku 21 kumjibu. Jibu laweza kumfikia wiki nzima baada ya rufaa kufungwa. Na uamuzi uliopatikana kwa kimya, ambao haukuandikwa na yeyote, una tarehe gani?

Msikate tamaa. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliandika barua kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa Bungeni, na jengo halikujengwa. Mwaka 2015 mahakama ya mazingira na ardhi huko Nakuru, katika kesi ya mnara wa simu, ilisema kwamba utaratibu wa kulinda mazingira usipofuatwa, haki ya mazingira safi huchukuliwa kuwa imevunjwa.

Twaitaka kaunti ibandike kila ombi siku ile ile linapopokelewa, yakiwemo ya kuongeza kifaa juu ya mnara wa zamani, kwa Kiswahili, langoni pa Feri na katika mbao za makanisa na misikiti ya mtaa unaohusika. Sheria tayari yamtaka mwombaji autangazie umma na kuualika utoe pingamizi. Hadi hapo, kamati za parokia na za mitaa zisingoje uamuzi: siku mafundi wanapoonekana wakipima dari, barua ya kuuliza na barua ya pingamizi ziandikwe pamoja, zipelekwe kwa mkono, zipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala ibaki kwa katibu.