Yeremia 29:11 Ni Mstari wa Kurudi Nyumbani

Neno letu leo ni Yeremia 29:4-14. Tafadhali chukua Biblia yako usome sehemu hiyo yote, usirukie mstari wa 11.

Kuna dada yetu, mwalimu wa hisabati, ambaye wakati huu ninapoandika anafunga masanduku yake huko Marekani. Aliondoka Kenya Agosti 2021 kwa visa ya J-1 ya walimu. Visa hiyo ni ya miaka mitatu, na huweza kuongezwa mwaka mmoja au miwili. Yeye aliongezewa yote miwili. Sasa imefika mwisho, na shule zikifungwa anarudi nyumbani. Ameniruhusu niandike habari zake bila kumtaja jina.

Juzi alinitumia ujumbe saa tisa usiku, kwake ikiwa saa mbili usiku. Alisema anamshukuru Mungu kwamba atamkumbatia mama yake, ambaye kwa miaka mitano amemwona kwenye simu tu. Katika ujumbe huohuo akasema wanafunzi wake walimwandikia kadi ya kumuaga, na tangu siku hiyo hawezi kukunja nguo bila kulia. Rafiki mmoja huko anamshauri abaki tu, hata bila makaratasi, kama wengine. Jamaa mmoja huku amemuuliza swali moja pekee: umejenga wapi? Akamalizia kwa kuniuliza kama machozi yake ni dalili ya kukosa imani.

Nilimjibu yeye kwanza. Lakini nimeona niandike na hapa, kwa sababu hayuko peke yake. Wako walimu Wakenya katika nchi za Ghuba, Rwanda, Sudan Kusini na kwingineko, na kila mkataba una siku yake ya mwisho.

Sasa tuingie katika Neno. Ni mara ngapi tumeusimamia mstari wa 11 tukiombea visa? Tumeuandika kwenye kalenda, kwenye fulana, hata kwenye matatu. Lakini mstari huo ulitoka katika barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, akawatumia watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Mstari wa 5 hadi wa 7 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule wa kigeni. Mstari wa 10 unasema kwamba miaka sabini ikitimia, Mungu atawarudisha mahali pao. Ndipo unapofuata mstari wa 11. Mpendwa, lile tumaini tunalolidai tukienda ubalozini lilitamkwa mara tu baada ya ahadi ya KURUDI.

Angalia vile barua hiyo moja ilivyobeba mambo mawili. Pendeni huko mliko. Na mjue mtarudi. Mtu akitii sehemu ya kwanza kwa moyo wake wote, sehemu ya pili lazima imuume. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa watu miaka mitano, akawajua kwa majina, akawaombea asubuhi kabla ya kuingia darasani, ataondokaje na macho makavu? Machozi hayo ni ushahidi kwamba alifanya kazi aliyotumwa.

Na siku ya kurudi ilipofika, ilikuwaje? Soma Ezra. Koreshi alipotoa ruhusa, walirudi watu 42,360, bila kuhesabu watumishi na waimbaji (Ezra 2:64-65). Walipoweka msingi wa hekalu, wengine walipiga kelele za furaha. Wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kubwa. Ezra 3:13 inatuambia kwamba watu hawakuweza kutofautisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio. Hakuna mahali katika sura hiyo Mungu anapowakemea waliolia. Kwa hiyo dada, usichague moja ili uonekane umeokoka zaidi. Peleka sauti zote mbili mbele za Bwana.

Kuhusu kubaki bila makaratasi, jibu langu ni hapana. Sisemi hivyo kwa wepesi. Najua mshahara utashuka. Najua nyumba aliyoanza ina kuta lakini haina paa. Najua pia kwamba alipoondoka watoto wetu walikuwa bado wanafanya KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa itabidi ajifunze upya gredi, sekondari ya msingi na mtaala ambao wenzake wameshauzoea. Hiyo ni hasara ya kweli, na tusiifunike kwa haraka na "Mungu atatenda". Lakini maisha ya kujificha yana gharama pia. Mzazi akilala, huwezi kuja kumzika kisha urudi. Mwajiri akikudhulumu, unaogopa kushtaki. Utasimamaje mbele ya darasa kuwafundisha watoto ukweli, huku wewe mwenyewe unaruka kila mlango ukibishwa?

Hapa sasa nina neno na sisi tulio nyumbani. Mtu akienda ng'ambo, tunafanya harambee ya tiketi, tunakesha, tunampaka mafuta, tunajaza gari hadi uwanja wa ndege na kupiga picha. Akirudi, tunanong'ona. Amefukuzwa? Amefilisika? Ameleta nini? Kwa maoni yangu, mdomo wetu ndio unaowafanya wengi waogope kurudi, kuliko hata ukosefu wa kazi. Mtu anaona afadhali ajifiche ugenini kuliko kuketi ibadani akihesabiwa masanduku.

Pesa yake tayari tuliipokea. Ilifika kwa M-Pesa ikalipa karo za wadogo zake na dawa za mama. Hatuna haki ya kumuuliza tena iko wapi.

Kwa hiyo nawasihi hivi. Wewe mwalimu unayerudi, waage wanafunzi wako vizuri, usitoroke kimyakimya kwa sababu kuaga kunauma. Waambie watu wa nyumbani ukweli kuhusu pesa kabla hujapanda ndege: iliyobaki ni kiasi gani, na ni ya kazi gani. Usikubali kukopa ili ununue zawadi za watu thelathini. Na ukifika, jipe muda. Ukijikuta unakumbuka ulikotoka hata ukalia jikoni kwa mama yako, hujamkosea Mungu wala mama.

Nasi tunaompokea, tumuulize kwanza wanafunzi wake walikuwa watu wa namna gani. Tumpe Jumapili ya shukrani, kama tulivyompa ya kuagwa. Walio walimu kati yetu, mketi naye mumweleze mtaala ulivyobadilika, tena bila kumcheka. Na mwezi wa tatu au wa nne, wakati shamrashamra zimeisha na simu yake imenyamaza, mtu ampitie nyumbani na unga na sukari.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watoto wako waliotumika mbali na kwao. Waliowapenda huko, uwatunze. Wanaporudi na furaha na uchungu kwa pamoja, uwapokee na vyote viwili. Linda midomo yetu. Wafungulie mlango wa kazi, na utupe sisi mikono ya kuwashika hadi ufunguke. Katika jina la Yesu, amina.

Kama una ndugu anayejiandaa kurudi, mtumie ujumbe huu leo. Halafu mpigie simu, na usimuulize amejenga wapi.

Mbarikiwe.