Aliyekaushwa Naye Ale

Katika zizi la ng'ombe wawili watatu, huko Kiambu au kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anayekamuliwa ndiye anayekula vizuri. Pumba zake, mashudu yake, chumvi ya madini yake. Mwenzake aliyekaushwa ili apumzike siku 60 kabla ya kuzaa hutupiwa masazo. Haleti maziwa, ya nini kumgharimia?

Hesabu hiyo ni mbovu, na deni lake hudaiwa usiku wa kuzaa.

Misuli ya mfuko wa uzazi haiwezi kusukuma ndama bila kalsiamu. Wakati huohuo kiwele nacho kinaivuta kutengeneza dang'a. Lita moja ya dang'a huwa na takriban gramu 2 za kalsiamu, ilhali ile inayozunguka katika damu ya ng'ombe mkubwa ni kama gramu 3 tu. Mifupa isipowahi kutoa akiba yake, uchungu hufifia, ndama aliyekaa vizuri hukawia njiani, kondo la nyuma hubaki ndani. Kisha mama hulala chini, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, na Jersey na ng'ombe waliozaa mara nyingi ndio huugua zaidi.

Ugonjwa huu uliwatoa jasho wataalamu. Mwaka 1897 Schmidt, daktari wa mifugo wa Kolding, Denmark, alianza kutia dawa kiweleni kupitia chuchu. Baadaye wenzake wakatia hewa tupu, kama mtu anayejaza tairi la baiskeli, na ng'ombe wakainuka! Kiwele kilichojaa hewa kiliacha kunyonya kalsiamu ya damu, lakini sababu hiyo ilieleweka baada ya Dryerre na Greig wa Scotland kueleza, mwaka 1925, kwamba tatizo ni upungufu wa kalsiamu katika damu. Leo bwana mifugo huitia kwenye mshipa, polepole, maana ikiingia kwa pupa moyo unaweza kusimama.

Basi mfugaji ampe aliyekaushwa kalsiamu kwa wingi? La. Hapa ndipo ushauri wa dukani huharibu mambo. Ng'ombe anayeshibishwa kalsiamu kabla ya kuzaa hana haja ya kuitoa mifupani, na mtambo huo ukilala hauamki kwa siku moja. Lusani nyingi humponza kwa njia hiyo. Mabingobingo yaliyokolezwa samadi nayo huwa na potasiamu nyingi, inayozidi kuudhoofisha mtambo huo. Anachohitaji katika wiki tatu za mwisho ni madini yenye kalsiamu kidogo, magnesiamu ya kutosha, na seleniamu ya kusaidia kondo litoke.

Madini hayatibu kila kitu, lakini. Mtamba mdogo aliyepandishwa kwa mbegu ya dume anayezaa ndama wakubwa atateseka hata akilamba chumvi ya dunia nzima.

Watengenezaji wanajua tofauti ya madini ya kukamuliwa na ya kukaushwa. Wayauze ya pili kwa pakiti ndogo za kumtosha ng'ombe mmoja, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na muuzaji, kabla ya kupokea pesa, aulize huyo ng'ombe anakamuliwa au amekaushwa.