Jua la bure, betri ya pesa

Wenzangu wa Urambo, Kaliua na Sikonge, najua pesa ya tumbaku ikiingia kila mtu anataka sola. Safi sana! Ila pesa hiyo huja mara moja kwa mwaka. Ukiikosea, utarudi kwenye kibatari hadi msimu mwingine.

Enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, mpagazi wa Kinyamwezi alitwishwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Ukimzidishia, anabwaga njiani. Sasa bwana, betri ndiyo mpagazi wako. Kabla ya kwenda dukani pima mzigo.

Chukua karatasi, zidisha wati kwa saa. Taa 4 za wati 5, saa 5 kila usiku: 100. TV ndogo ya wati 30, saa 4: 120. Simu na redio, weka 30. Jumla 250. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea 100 hubeba 1,200, lakini usiinyonye kupita nusu, yaani 600. Hapo una usiku mbili hata mvua za Desemba zikifunga wingu. Paneli ya wati 100 yatosha kuijaza, na kontrola isikosekane. Pasi ya umeme je? Sahau! Ya wati 1,000 kwa saa moja inakula umeme wa siku nne.

Kasheshe iko hapa: paneli hudumu miaka 20 na zaidi, betri ya asidi 3 hadi 5 tu. Ikifa na mfuko mtupu, paneli inabaki pambo la bati. Tuseme betri ni shilingi 300,000 na itadumu miaka 3: tenga 100,000 kila msimu. Unalipa kidogo kidogo kwa simu? Jumlisha malipo yote, linganisha na bei ya taslimu. Tena uliza: nikichelewa kulipa, mtambo unafungwa?

Miembe yetu ya Tabora ni mitamu kupumzikia, lakini paneli usiiweke kivulini. Igeuze kaskazini, iiname kidogo mvua iioshe vumbi.

Na nyie kina baba, taa ya kwanza iwe ya jikoni, ya pili pale mtoto anaposomea. Mama watoto akipika gizani huku wewe unaangalia mpira, hiyo sola itakuletea kesi kwa wakwe.

Haya, tukutane wiki ijayo.