"Walai" si neno la mchezo

Hapa kwetu Mkwiro, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, vijana wanaorudi kutoka Nairobi na Mombasa hushuka mashuani na maneno yasiyokuwamo katika Chifundi chetu wala katika Kiswahili cha skuli. Wazee wakiyasikia barazani huguna, wakasema lugha imeharibika. Mimi sikubaliani nao kwa yote. Lakini liko neno moja ambalo juu yake nina ukali kuwashinda.

Kwanza tuwape vijana haki yao. Wazee husema Sheng ni lugha ya kupindua maneno ili mkubwa asielewe. Je, kinyume kilikuwa nini? Wapwani tangu zamani walichukua silabi ya mwisho wakaitanguliza, samaki akawa "kisama" na nyumba ikawa "mbanyu", na mgeni akakaa katikati yao asijue wanamsema yeye. Askofu Edward Steere alikikuta kinyume Unguja katika karne ya 19 akakiandikia habari. Basi kijana wa Nairobi aliyegeuza "manyanga" kuwa "nganya" hakuzua ufundi mpya. Na hayo manyanga yenyewe ni yetu: ni vile vibuyu vya kuchezeshwa ngomani. Leo ni matatu iliyopakwa rangi na kupigwa muziki mpaka vioo vikatetemeka!

Matatu nayo ina asili ya kueleweka. Katika miaka ya 1960 nauli ilikuwa senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi. Magari hayo yalikuwa yakikimbizana na polisi mpaka Rais Kenyatta alipoyaruhusu mwaka 1973. Nauli imekwisha kupanda mara nyingi, jina limebaki pale pale.

Ukisikiliza vijana wakihesabu pesa utacheka. Shilingi kumi ni "ashu", na hiyo si nyingine ila ashara, ambayo babu zetu waliihesabia nazi. Mia ni "soo", neno la Wahindi. Sheng ilikulia mitaa ya mashariki ya Nairobi, na mmoja katika mitaa hiyo ni Pumwani, ambako Waislamu wasemao Kiswahili walikuwako tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo si ajabu maneno yetu kukutwa humo.

"Msee" silipendi. Mzee ni heshima, hupewa mtu kwa umri na mwenendo, nao waitana hivyo wakiwa na miaka kumi na saba. Hata hivyo hilo ni la adabu tu, litapita.

Lisilopita ni "walai". Nairobi neno hili limekuwa la kila mtu. Mwenye kulisema huenda si Mwislamu, na hajui kuwa ile "wa" ya mwanzo ni herufi ya kiapo, na linalofuata ni jina la Mwenyezi Mungu. Huyo hana lawama kwangu. Lawama yangu ni kwa kijana wetu aliyesoma juzuu chuoni hapa hapa Mkwiro, akaondoka kisiwani na "wallahi", akarudi na "walai", akidhani ni maneno mawili mbali mbali.

Wapo watakaonijibu kwa Al-Baqara, aya ya 225, kwamba Mwenyezi Mungu hatushiki kwa viapo vya upuuzi. Ni kweli, na ni rehema kubwa. Lakini aya iliyo kabla yake yatukataza kulifanya jina Lake kuwa kitu cha kuapia ovyo. Na kiapo cha kukusudia kikivunjwa kina kafara, iliyotajwa katika Al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Sasa kijana anayesema "walai" mara ishirini kabla ya adhuhuri, yeye mwenyewe atajuaje ni lipi alilokusudia?

Na jambo hili lafika sokoni. Mnunuzi auliza kama changu huyu ni wa leo. "Walai ni wa leo." Zamani neno hilo lilimaliza mazungumzo, kwani aliyeapa alijulikana na kiapo chake kilikuwa kizito. Leo mnunuzi huinua shavu la samaki ajitazamie mwenyewe, na siwezi kumlaumu. Mtume (S.A.W.) alimwonya mfanya biashara anayeapa apa ili bidhaa itoke, kwa kuwa baraka hutoweka.

Ningeomba walimu wa vyuo, hapa na ng'ambo Shimoni, watoe jioni moja waliandike neno hili ubaoni kwa Kiarabu, waoneshe wawu, waoneshe jina, kisha wawaulize watoto walilisema mara ngapi tangu asubuhi. Ashu na soo wawaachie.