Kiharusi: mishipa ya akiba ya ubongo na ahadi ambayo haijatimia

Kwa zaidi ya miaka 20, watafiti wa Ulaya, Asia na Marekani wamekuwa wakitafuta namna ya kuuchochea ubongo uoteshe mishipa ya ziada, ili donge linapoziba mshipa mkubwa, damu ipate pa kupitia. Matokeo ya maabara yametia moyo. Yale ya wodini hayajafika mbali, na sababu yake yahitaji kuelezwa.

Kwamba ubongo una njia za akiba si habari mpya. Mwaka 1664 tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, alieleza duara la mishipa lililo chini ya ubongo, linalounganisha mkondo wa kushoto na wa kulia. Juu ya uso wa ubongo mna vijimishipa vyembamba zaidi, mithili ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, vinavyopitika barabara kuu ikifungwa. Wako waliojaliwa vingi, na wako wenye vichache mno.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kasi ya maafa. Mwaka 2006 Profesa Jeffrey Saver wa Los Angeles alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Lakini huo ni wastani tu. Mwenye vichochoro vizuri hupoteza polepole. Majaribio mawili yaliyojulikana kama DAWN na DEFUSE 3 yaliutumia ukweli huo, na kufikia mwaka 2018 yalikuwa yameonyesha kwamba donge laweza kuondolewa kwa manufaa hata saa 16 au 24 baada ya mgonjwa kuonekana mzima mara ya mwisho, mradi picha zithibitishe kuwa sehemu kubwa ya ubongo ingali hai.

Kuotesha mishipa ni jambo jingine. Mwaka 2003 watafiti nchini Ujerumani waliwadunga panya dawa inayochochea uboho kutengeneza chembe nyeupe za damu, na mishipa ya akiba katika ubongo wa panya hao ikapanuka. Tatizo ni hesabu ya muda: mshipa hupanuka kwa siku na wiki, ilhali ubongo hufa kwa dakika na saa. Dawa ya namna hiyo ingepaswa kutolewa kabla ya kiharusi, kwa mtu ambaye bado anatembea. Nani basi atakubali kudungwa, na kwa muda gani, ikiwa baadhi ya vichocheo hivyo huifanya mishipa ivuje na ubongo uvimbe?

Mahali ambapo uoteshaji umefaulu ni katika maradhi adimu ya moyamoya, yaliyotambuliwa kwanza Japani. Madaktari hulaza mshipa wa ngozi ya kichwa juu ya ubongo wa mtoto, na kwa miezi kadhaa vijimishipa vipya huota.

Wengine wamejaribu kuifungua tu mishipa iliyopo. Nchini China, mwaka 2022, kuubana na kuuachia mkono mara kwa mara kwa mkanda kama ule wa kupimia shinikizo kuliongeza wagonjwa waliopona vizuri kutoka asilimia 62 hadi 67.4. Mwaka uliofuata, jaribio la Denmark lenye wagonjwa 1,500 halikuona faida yoyote. Ni mapema mno kushangilia.

Kwa Afrika Mashariki suala hili si la kinadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta takriban visa 316 vipya vya kiharusi kwa watu 100,000 kila mwaka jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai, Kilimanjaro, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Wagonjwa wengi huchelewa kufika hospitali, na mashine za picha ni chache. Saa 24 za DAWN hazina maana pasipo picha.

Hata hivyo maabara za North Carolina zimegundua jambo linaloweza kuwahusu: katika panya, uzee na shinikizo la juu la damu huipunguza mishipa ya akiba kabla ya kiharusi chochote, na mazoezi huchelewesha upungufu unaoletwa na uzee. Vidonge vya kushusha shinikizo vimekwisha kuthibitishwa kuwa vinazuia kiharusi chenyewe. Iwapo pia vinavihifadhi vichochoro vya ubongo wa binadamu, hilo lingali linasubiri ushahidi.